Siku Niliyopwelewa Gatini

Nilipowaambia majirani zangu wa Ngamiani kwamba nakwenda Pemba, watu watatu waliniuliza mganga wangu anaitwa nani. Hawakuwa na nia mbaya. Mtu akiwa kwenye kiti mwendo, safari zake hapa Tanga zinajulikana: hospitali ya Bombo, hospitali ya Muhimbili, msibani, na harusini kama ukumbi hauna ngazi. Kwamba mtu huyo anaweza kubana pesa mwaka mzima, akapanga nguo na kupanda meli ili akapumzike tu, hilo liliwashinda kulielewa. Mama yangu alininyamazia siku mbili, kisha akasema, "Mwanangu, Spice Islander umeisahau?"

Sikuisahau. Septemba 10, 2011 meli ile ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Julai 18, ikazama Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Pwani nzima tulizika. Wakati ule nilikuwa natembea kwa miguu yangu. Mgongo niliuumia mwaka 2015 kwa ajali ya gari, na tangu hapo kiunoni kushuka chini sina nguvu wala hisia. Mikono ni mizima. Nashona, nina vyerehani viwili, binti wa miaka 16, na mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye mguu wangu panapokuwa na ngazi. Nasema haya mapema ili msomaji ajipime: mtu asiyeweza kukaa wima bila kushikwa atahitaji maandalizi zaidi ya haya yangu.

Mara ya kwanza sikufika hata kwenye meli. Nilimtuma mdogo wangu akate tiketi na aulize kama mtu wa kiti mwendo anaruhusiwa kusafiri. Akajibiwa anaruhusiwa, hakuna shida. Tukaridhika. Hatukuuliza nitaingiaje.

Ilikuwa Julai 2022, siku chache baada ya Idd el-Hajj, kusi linavuma, gatini watu wamejaa na magunia na watoto. Nilipofikishwa ukingoni nikatazama chini. Chini kweli. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka sitaha ya meli ikawa chini ya gati karibu kimo cha mtu mzima, na daraja la abiria limelala mteremko mkali, jembamba, limepigwa vipande vya mbao vya kuzuia mguu usiteleze. Vile vipande humsaidia mwenye miguu. Gurudumu likifika hapo hugota. Msimamizi akaniangalia mimi, akaliangalia daraja, akasema, "Bi dada, kwa usalama wako hatuwezi." Vijana wanne wakajitolea kunibeba. Akakataa, na kwa kweli sasa nikikumbuka jinsi walivyokuwa wanavamia kiti kila mmoja upande wake, naona alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini alipaswa kunieleza siku ya kukata tiketi. Meli ikapiga honi, ikaondoka. Nilirudishiwa nusu ya nauli baada ya wiki tatu. Kwenye bajaji nililia ndani ya ushungi mpaka nyumbani, na binti yangu, ambaye alikuwa ameshawaambia wenzake shuleni kwamba anakwenda Pemba, hakusema neno.

Watu wa bahari wana neno lake: kupwelewa. Maji yanakitoka chombo chini, kinabaki kimeketi kwenye tope kinangoja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi wa mtaa wa Deep Sea hapa Tanga, aliyeniletea turubai nimshonee. Nilimsimulia. Hakuniuliza habari za meli wala za msimamizi. Aliuliza, "Siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi?" Sikujua. Akahesabu vidole kutoka siku ya Idd, akatikisa kichwa: mwezi mpevu, bamvua tupu. Akanifundisha jambo ambalo nimezaliwa pwani na sikuwahi kulijali. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu tofauti ya juu na chini huzidi mita tatu. Na siku hizo za bamvua, kupwa kwenyewe huangukia kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Yaani nilikwenda kupanda meli katika saa mbaya kuliko zote za siku mbaya kuliko zote. Kati ya bamvua mbili kuna maji mafu, karibu siku ya nane na siku ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, wakati maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kutisha. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwangu ikawa ratiba ya bandari. Mtu yeyote wa kiti mwendo anayetaka kusafiri baharini kutoka Tanga aanze na kalenda hiyo, kabla hata hajauliza nauli.

Wa pili kunisaidia ni shemeji yangu wa Mombasa, aliyefanya kazi miaka kadhaa jikoni kwenye zile meli kubwa za watalii. Nilitaka kumsikia akisema kule hakuna shida, nijionee huruma vizuri. Hakusema hivyo. Alisema zile meli zina vyumba vya watu wa viti mwendo, milango mipana, bafu halina kizingiti, lakini ni vichache na huisha mapema sana. Abiria wa kiti huambiwa kiti chake akiweke ndani ya chumba, maana nje kwenye ushoroba kingeziba njia siku ya hatari. Na swali wanaloulizana wazoefu ni moja: bandari ya kushukia, meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Ikitia nanga nje, abiria huteremshwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka mwenye kiti hubaki melini siku nzima akiutazama mji kwa mbali. Mtu amelipa maelfu ya dola, na bado kinachomkwamisha ni ile hatua moja kati ya chombo na nchi kavu. Nilipokata simu nilijiona mwepesi. Sisi wa Tanga tunalielewa hilo: bandari yetu ilikaa miaka mingi meli kubwa zikitia nanga nje na shehena kuletwa kwa matishari, mpaka kina kilipochimbwa na gati likajengwa upya ndipo zikaanza kufunga.

Basi nikaacha kufikiria bahari, nikaifikiria ile hatua moja. Nilikwenda gatini mara mbili, siku ambazo sisafiri, kuangalia tu. Mimi ni fundi cherehani, futi kamba haitoki shingoni. Kiti changu kina upana wa sentimita 63 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Daraja la abiria lilikuwa na 70 na kidogo, lakini vile vipande vya mbao vilibaki palepale. Ndipo nikaona magari na mikokoteni inaingia kwa nyuma, kwenye mlango mpana wa chuma unaolazwa juu ya gati. Hakuna ngazi. Nilimwuliza baharia mmoja kwa nini nisiingilie huko. Akashangaa, akasema hakuna aliyewahi kuomba.

Safari hii niliongea mwenyewe na msimamizi wa upakiaji, wiki mbili kabla, na namba yake ya simu nikaichukua. Nilimweleza uzito wangu, uzito wa kiti, kwamba nitakuja saa mbili kabla ya abiria wengine, na kwamba nitakuwa na watu wangu wa kubeba. Nilimkumbusha pia, kwa sauti ya upole, kwamba nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba mwaka 2009 tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja usafiri kwa jina. Sikuwa natishia. Julai nilikuwa siyajui haya na nilisimama pale kama mwombaji. Nililazimika kuyatafuta, nikaulizia kwa watu wa chama cha walemavu, na nashauri mwenzangu ayajue kabla ya kufika gatini.

Tuliondoka mwanzoni mwa Machi 2023, siku ya nane ya Shaaban, kaskazi limeanza kuchoka. Maji mafu. Kufika bandarini, mlango wa nyuma wa meli ulikuwa karibu sawa na gati. Nilisukumwa ndani kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Dakika mbili. Mdogo wangu akanitazama, hatukuongea.

Lakini ndani ya meli kulikuwa na mambo mengine. Sitaha ya magari si mahali pa abiria kukaa, na viti viko juu, kwenye ngazi ya chuma iliyosimama kama ya mnara. Hapa ndipo somo la kubeba linapohitajika, na naomba anayesoma alichukue kwa makini maana mtu anaweza kuvunjika. Makuli wawili niliowakodi, shilingi 10,000 kila mmoja, walikuja kwa moyo mzuri wakashika matairi na vile vyuma vya kuwekea mikono. Nikawaambia wasimame. Tairi linazunguka, na chuma cha mkono changu kinachomoka. Shikeni fremu. Mwenye nguvu zaidi akae juu nyuma yangu kwenye mishikio, mwingine chini mbele yangu ashike fremu karibu na magoti, asishike pa kuwekea miguu. Kiti kilalie nyuma kidogo. Uso wangu utazame chini ya ngazi, tukipanda na tukishuka vilevile. Na mtu mmoja tu ahesabu, huyo ni mimi. Niliona haya kutoa amri kwa wanaume nisiowajua mbele ya abiria, lakini Julai nilikaa kimya kila mtu akasema kwa niaba yangu, na kimya kile kilinirudisha nyumbani. Chini ya dera nilivaa suruali, na kanga nimejifunga miguu yote miwili pamoja isichezecheze. Mwanamke anayebebwa asiache hilo; stara yako ikikaa sawa, akili inabaki kwenye ngazi.

Kosa kubwa la safari nililifanya baada ya hapo, nikiwa na furaha. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na ukuta wa chuma, penye upepo, na kuona Kisiwa cha Toten kinapita pembeni kulinitoa akili. Sitaha ilikuwa imepigwa jua na chini yake injini inanguruma. Kandambili moja ilianguka, mguu ukakaa kwenye chuma. Sikuhisi kitu. Binti yangu ndiye aliyeona, baada ya nusu saa au zaidi: kisigino kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa yai. Kidonda kile kilichukua wiki saba kupona. Sisi tusio na hisia tuvae viatu vya kufunga vyenye soksi, tuweke kitu kinene chini ya miguu, na mtu mmoja awe na kazi ya kutuangalia miguu kila mara. Kujiinua kwenye mto kila robo saa hadi nusu saa kwa ajili ya makalio nilikumbuka. Miguu nikaisahau.

Na choo. Mlango wa choo cha meli ulikuwa na kizingiti kirefu cha chuma, cha kuzuia maji, na upana wa sentimita 55. Hilo nilikuwa nimeshalipima, kwa hiyo nilijua nitatumia mpira wa mkojo palepale nilipo, binti amenishikia kanga kama pazia. Tulifanya hivyo mara moja na hakuna aliyegeuka kutazama. Kosa ni kwamba kwa kuogopa kurudia, sikunywa maji tangu usiku uliotangulia. Natakiwa kutoa mkojo kila saa nne hadi sita na kunywa maji ya kutosha. Safari tuliyoambiwa saa nne ikawa karibu sita. Siku ya tatu Pemba nilipata homa na mkojo mchafu, nikaishia hospitali kununua dawa badala ya kwenda kula pweza. Kunywa maji. Aibu ya kanga ni ndogo kuliko homa ile.

Jaketi la kujiokolea nililivaa kabla meli haijaondoka, nilipime. Nikamwita baharia nikamwuliza, meli ikipata tatizo nani ananiteremsha na kupitia wapi. Alinionyesha. Kisha nikawaomba vijana wawili wa viti vya jirani wanijue. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote hayo kabla mtandao haujakatika, na nikasikia anavuta pumzi.

Mkoani, bandari ya Pemba, kulikuwa shwari, gati refu, maji yameshuka kidogo tu. Kutoka pale hadi Chake Chake ni kama kilomita 30 za vilima, harufu ya karafuu kila penye mkeka. Gari ya kukodi ilitugharimu 70,000 kwa siku na dereva alikuwa mtu wa maana, alijifunza kukunja kiti mara ya kwanza tu. Nyumba ya wageni, kinyume chake. Nilikuwa nimepiga simu nikauliza kama kuna ngazi, nikaambiwa hakuna. Zilikuwepo tatu. Mwenye nyumba alisema kwa uaminifu kabisa, "Hizi si ngazi, hizi ni vidato." Mlango wa bafu nao ulikuwa sentimita 61. Tuliung'oa mlango kwenye bawaba, tukapata nafasi ya kupita kwa kusugua vifundo vya vidole, na tukatundika shuka. Siku hizi siulizi kama kuna ngazi. Naomba nipigiwe picha ya mlango wa mbele na ya mlango wa choo, futi kamba ikiwa imenyooshwa kwenye nafasi. Anayeona uvivu kupiga picha mbili, nimeshajua atakavyonipokea.

Ufukwe wa Vumawimbi, kaskazini mwa Pemba, ndio ulionifanya nije. Gari lilipita msitu wa Ngezi, giza na baridi, kisha mchanga mweupe ukafunguka hauna mwisho. Kiti kilizama hatua tano za kwanza. Vijana wa kijijini wakataka kukisukuma kwa nguvu, magurudumu madogo ya mbele yakachimba zaidi. Dawa yake ni kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, mbele kumeinuliwa. Walinivuta hivyo hadi maji yalipogusa matairi, mdogo wangu akanibeba akaniketisha kwenye bahari.

Miaka minane sikuwa nimeingia baharini. Maji yaliponifika kifuani miguu yangu iliinuka yenyewe, ikaelea mbele yangu chini ya dera, myepesi, kama ya msichana. Nyumbani nainyanyua kwa mikono, mguu mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi, na ni mizito kama mifuko ya mchele. Pale bahari ilikuwa inaibeba. Binti yangu alinishika kwapani, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" maana machozi yalikuwa yanatoka. Nikamwambia asiniachie tu. Tulikaa mpaka vidole vikasinyaa.

Kiti kilinidai bei ya siku ile. Chumvi iliingia kwenye beringi za mbele na baada ya wiki mbili zikaanza kulia. Fundi baiskeli wa barabara ya pili kutoka kwangu alizibadilisha kwa 18,000, akaniambia ningekiosha kwa maji baridi ya bomba siku ileile na kukitia grisi zisingeliwa. Jumla ya safari, watu watatu, siku tano: shilingi 740,000, ukiondoa dawa za homa na za kisigino ambazo zilikula 65,000 nyingine. Magari ndiyo yaliyokula zaidi, kupita hata nauli ya meli. Mwenye kiti hawezi kurukia daladala, hilo lipangiwe pesa.

Kurudi nilijua kabisa kitakachotokea. Mwezi ulikuwa umeshafika kumi na tatu, bamvua linakaribia. Tulipanda Mkoani alasiri maji yakijaa, bila taabu, lakini hesabu ya mzee wa Deep Sea ilisema Tanga tutaingia usiku maji yakikimbilia kupwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa nyuma ulipolazwa gatini ulisimama kama paa la nyumba, taa chache, watu wanasukumana kupanda, na mimi chini nikilitazama gati juu yangu kama lile la Julai, ila safari hii nikiwa upande wa ndani. Mdogo wangu akasema tusubiri maji yarudi. Yangerudi alfajiri.

Kuli mmoja akashuka mbio akipishana na magunia. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa siku ya kwenda. Alikuwa ameleta wenzake watatu, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuwapanga. "Msishike matairi. Wewe shika fremu hapa, hapa kwenye goti. Uso wake utazame chini." Kisha akainama kwangu. "Haya, bi dada. Hesabu."

Nikahesabu.